Disketi za Mali Kauli

Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na desturi iliyoitwa mali kauli. Mtu aliyetaka kwenda kuuza bara hakulazimika kuwa na fedha mkononi. Alikwenda kwa tajiri wa Kilwa, akapewa majora ya nguo, shanga na nyaya za shaba, akaondoka navyo pasipo kulipa chochote. Alichomwachia tajiri ni neno lake tu. Akasafiri kwa miguu wiki nyingi mpaka Ungoni, nchi ambayo leo ni Songea, na wengine wakapita mpaka Ziwa Nyasa. Huko aliuza nguo, akanunua pembe na nta, na kwa aibu ya zama zile akanunua hata watu. Kisha alirudi pwani kulipa deni. Njia nzima tajiri hakuweza kumwona wala kumdai. Alikaa kibarazani pake akihesabu miezi.

Mwaka 1982 desturi inayofanana na hiyo ilizuka Marekani, nchi ambayo walioianza hawakuwa na habari ya Kilwa wala ya misafara yake. Bidhaa yao ilikuwa programu za kompyuta.

Kompyuta pasipo programu ni kama gramafoni pasipo santuri. Chombo kipo, lakini kimenyamaza. Programu ni maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ambayo mashine inaifuata, neno kwa neno, ili ipate kuhesabu, kuandika barua au kutunza orodha ya majina. Katika miaka ile maagizo hayo yaliwekwa juu ya disketi. Disketi ilikuwa duara jembamba la plastiki lililopakwa unga wenye kushika sumaku, likafungwa ndani ya bahasha ya mraba. Disketi ya kawaida ya kompyuta za IBM iliweza kuchukua herufi kama 360,000, yaani kitabu cha kurasa 180 hivi. Ilikuwa nyepesi kuliko daftari la shule, na ilipita katika posta kwa stempu chache.

Lakini programu ina tabia isiyopatikana katika nguo wala shanga. Tajiri akimpa mtu jora, yeye hanalo tena. Mwenye programu akimpa mwenzake nakala, yake inabaki nzima vilevile. Ni kama jirani ajaye asubuhi kuomba moto: huchukua kijinga kimoja, akaenda kuwasha kwake, na moto wa mwenye nyumba haupungui. Tabia hiyo ndiyo iliyowatia hofu wenye kampuni. Waliuza programu zao ndani ya masanduku yaliyofungwa, kwa bei kubwa, na wengine waliweka hila ndani ya disketi ili isinakiliwe. Lotus 1-2-3, programu mashuhuri ya hesabu iliyotoka mwaka 1983, iliuzwa dola 495. Mnunuzi alitoa fedha hizo kabla ya kujua kama kitu chenyewe kitamfaa.

Jim Knopf, aliyekuwa mfanyakazi wa IBM katika jimbo la Washington, hakuwa na nia ya biashara. Alitunga programu ya kutunza majina na anwani, ikatumika kuchapa anwani za barua za kanisa lake. Rafiki zake kazini wakaiomba, akawapa. Rafiki wa rafiki nao wakaiomba. Baada ya muda watu waliokuwa nayo wakawa wengi hata hakuweza kuwapelekea marekebisho wote kwa fedha za mfuko wake. Ndipo alipoandika ndani ya programu ombi kwamba anayeiona kuwa inamfaa ampelekee dola 10, naye atamwandika katika orodha ya watu wa kupelekewa habari. Mkewe alimwona mpumbavu kwa kudhani kwamba hata mtu mmoja angetuma fedha pasipo kulazimishwa.

Fedha zikaja. Jambo la ajabu ni kwamba mmoja wa watu wa kwanza kumjibu alimweleza kuwa yupo mtu mwingine, Andrew Fluegelman wa California, aliyetoa programu ya kuongezana kwa simu kati ya kompyuta na kompyuta, naye ameandika ombi kama hilohilo. Fluegelman alikuwa mhariri, na wazo lake lilitokana na kituo cha televisheni kilichoendeshwa kwa michango ya watazamaji. Watu hao wawili hawakuwa wakijuana. Knopf akamwandikia barua, wakapatana kutajana katika programu zao na kuomba bei moja, dola 25. Programu ya Fluegelman iliitwa PC-Talk. Knopf naye akaipa yake jina la PC-File ili ziwe kama ndugu. Kwa kuwa jina Knopf ni la Kijerumani na maana yake ni kifungo cha shati, katika biashara alijiita Jim Button, ambalo kwa Kiingereza ni kifungo hichohicho. Mwaka 1984 aliacha kazi ya IBM, kwa maana barua za wenye kulipa zilikuwa zinampa kipato kikubwa kuliko mshahara. Fluegelman hakuona mwisho wa kazi aliyoianza; alitoweka mwaka 1985, wala hakuonekana tena.

Mtu wa tatu, Bob Wallace, ndiye aliyeeneza jina ambalo programu hizo zimejulikana nalo duniani, sheawea, yaani bidhaa ya kugawana. Yeye aliongeza ufundi wake. Programu yake ya kuandikia, PC-Write, ilipatikana kwa dola 10 kwenye disketi, na aliyetaka kujiandikisha alilipa dola 75. Kila aliyejiandikisha alipewa namba yake ndani ya nakala yake. Akiwagawia wengine, na mmoja wao akajiandikisha kwa kutaja namba ile, aliyegawa alipelekewa dola 25. Hivyo mtu aliyegawia wenzake watatu, na wote wakalipa, alirudishiwa yote aliyotoa. Huu kwa kweli ulikuwa werevu mkubwa: yule ambaye kampuni nyingine zilimwita mwizi wa nakala, Wallace alimfanya kuwa wakala.

Sasa, mtu wa mji wa mbali aliyekuwa na kompyuta lakini hana rafiki wa kumgawia alipataje programu hizo? Kwa ajili yake zilianzishwa maktaba za disketi kwa posta. Moja iliyojulikana sana ilikuwa PC-SIG, katika mji wa Sunnyvale, California. Ilikusanya programu za kugawana pamoja na zile zilizotolewa bure kabisa, ikazipanga juu ya disketi, na kila disketi ikapewa namba. Namba zile na maelezo yake zilichapwa katika kitabu kinene.

Kusoma kitabu kile kulikuwa kazi na burudani pia. Msomaji alifungua ukurasa akakuta disketi ya kutunza hesabu za duka, kando yake disketi ya kuchora nasaba za ukoo, kisha ya kujifunzia kupiga taipu, kisha ya michezo, kisha ya kupima nyota. Maelezo yenyewe yalikuwa mafupi, na mengi yalitokana na maneno ya watungaji, ambao kila mmoja aliisifu yake. Kwa hiyo aliyezoea hakuanza na sifa. Alitazama kwanza kama programu inafaa kwa kompyuta ya aina yake, maana ya IBM haikuendeshwa na Apple. Kisha alitazama ukubwa wa kumbukumbu inayotakiwa, kwa sababu mashine nyingi za wakati ule zilikuwa na nafasi ndogo. Tatu, alitafuta mstari unaosema mtungaji anadai kiasi gani. Mstari huo watu wengi waliuruka.

Baada ya kuchagua, aliandika namba za disketi katika karatasi ya maagizo, akafanya jumla, akatia hundi ndani ya bahasha, akaipeleka posta. Siku chache au wiki chache baadaye kifurushi kilirudi, kimeandikwa juu yake kwamba kisikunjwe wala kisiwekwe karibu na sumaku. Spika ya redio, ambayo ina sumaku ndani, iliweza kufuta kazi ya mtu ya miezi mingi. Msomaji alitia disketi katika tundu lake, akaomba mashine imwonyeshe orodha ya vilivyomo. Mara nyingi palikuwapo faili moja ya kusomwa kwanza. Ndani yake mtungaji alijitambulisha, akaeleza programu inafanya nini, akatoa anwani yake, na mwisho akasema kauli yake: jaribu; ukiona haifai, iache au umpe mwingine; ukiendelea kuitumia, nilipe.

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Mnunuzi alikwisha kutoa dola kadhaa kwa maktaba, na wengi walidhani wamemaliza deni. Sivyo. Fedha zile zilikuwa ujira wa kunakili, na bei ya plastiki, na stempu. Hata senti moja haikumfikia mtungaji. Ni sawa na mtu aliyempa mpagazi ujira wake akadhani amekwisha kulipa nguo alizozibeba. Wauzaji wengine wa disketi walinyamaza, maana ukimya uliwafaa. Mwaka 1987 watungaji waliunda chama chao, na jambo moja walilolishughulikia ni kuwataka wauzaji wawaeleze wanunuzi wazi kwamba fedha ya disketi si fedha ya programu.

Je, watu walilipa? Wengi sana hawakulipa. Mtungaji aliyekaa akingoja sanduku lake la posta lijae bahasha mara nyingi aliambulia chache. Lakini aliyekuwa na programu nzuri hakuhitaji wote walipe. Hakuwa na duka, wala matangazo, wala masanduku ya kufunga. Nakala zilizosambaa hazikumgharimu kitu. Wachache waaminifu walitosha kuwabeba wengi wasiojali. Walio wakali watasema huo ni udhaifu wa desturi nzima, na hoja yao ina uzito. Walakini tajiri wa Kilwa naye alijua kwamba si kila msafiri atarudi.

Katika miaka ile ya 1980, mtu wa Songea aliyetamani kuagiza disketi kama hizo angekutana na vikwazo vingine. Cha kwanza kilikuwa kompyuta yenyewe. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini ila kwa kibali, baada ya mashine zilizowekwa kwa hesabu za serikali kuleta gharama na vurugu. Marufuku hiyo ililegezwa kidogo kidogo mpaka miaka ya 1990. Cha pili kilikuwa fedha. Shilingi hazikupokelewa Sunnyvale, na kabla ya Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992 mwananchi hakuweza kwenda benki akanunua dola 25 kama anunuavyo sukari. Cha tatu kilikuwa njia. Barua kutoka Marekani ingeshuka Dar es Salaam, ikapita Iringa, ikafika Makambako, ikakata kusini kwa njia ya Njombe mpaka Songea, na kungojea ndani ya sanduku la posta mpaka mwenye ufunguo aje. Kati ya vikwazo hivyo vitatu, njia ndiyo iliyokuwa nyepesi. Posta ilifika.

Tena watu wa kusini hawakuwa wageni wa kuagiza elimu kwa barua. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilikuwa na kazi ya kuazimisha vitabu kwa masanduku na kwa posta. Huduma ya Maktaba ya Tanganyika, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1963, ikairithi kazi hiyo. Msomaji aliye mbali aliandika barua kutaja kitabu anachokitaka; kikatumwa, akakisoma, akakirudisha. Hapa tofauti ni kubwa na inafaa kufikiriwa. Kitabu cha kuazima kina siku ya kurudi, na mwenye maktaba anajua nani anacho. Asiporudisha, pengo linaonekana rafuni. Disketi ya kugawana hairudi, haiachi pengo, wala hakuna mtu ajuaye iko kwa nani. Mdai wa pekee yumo ndani ya mdaiwa mwenyewe.

Basi mtu mwaminifu asiyeweza kupata dola angefanyaje? Kuitumia programu miaka mitatu na kusema kwamba sheria za fedha zimemzuia ni rahisi mno. Kuiacha kazi iliyokuwa ikimsaidia kutunza majina ya wagonjwa au ya wanafunzi ni vigumu. Liko jambo la tatu, nalo ni kumwandikia mtungaji na kumweleza hali. Barua ilihitaji stempu tu. Watungaji hawakuwa kampuni zisizo na uso. Walikuwa watu wenye anwani, na baadhi yao walithamini neno kuliko fedha. Katika miaka ya 1990 Aaron Giles, aliyetunga programu ya kutazamia picha iliyoitwa JPEGView, aliwataka wenye kuitumia nyumbani wampelekee kadi ya posta yenye picha ya mahali wanapokaa. Kadi ya namna hiyo hata Songea ingetumwa, na deni likaisha.

Lakini habari iliyo karibu zaidi na Afrika ya Mashariki ilitoka katika maktaba nyingine ya disketi. Mmarekani Fred Fish alikusanya programu za kompyuta za aina ya Amiga, akazitoa kwa mfululizo wa namba uliopita 1,000. Disketi zake ziliitwa kwa jina lake, zikanakiliwa na vyama vya wenye Amiga katika nchi nyingi. Mnamo Novemba 1991 ilitoka disketi ya namba 591. Ndani yake, pamoja na programu nyingine, ilikuwamo ya kuandikia maandishi iliyoitwa Vim. Mtungaji wake alikuwa Mholanzi, Bram Moolenaar. Alikuwa amenunua Amiga akakosa juu yake programu ya kuandikia aliyoizoea, iitwayo vi. Akachukua kazi ndogo iliyofanywa na wengine kwa kuiga vi, akairekebisha na kuiongeza miaka mitatu hivi, kisha akaitoa kwa watu wote.

Mwaka 1994 Moolenaar alikwenda Uganda, akakaa mwaka mmoja katika Kituo cha Watoto cha Kibaale akifanya kazi ya maji na usafi. Kibaale hiyo ni mji mdogo wa kusini, katika nchi ya Rakai, si mbali na mpaka wa Tanzania. Watu wake wengi ni wakulima, na chakula kipo. Lakini Rakai ni miongoni mwa mahali pa kwanza katika Afrika ya Mashariki kupigwa sana na ugonjwa wa UKIMWI. Wazazi walikufa wakiwa vijana, na watoto wakabaki na bibi zao, au wakabaki peke yao, mkubwa akiwalea wadogo. Kituo kilisaidia watoto wa namna hiyo kwa karo, matibabu na chakula.

Aliporudi Uholanzi, Moolenaar aliibadili kauli ya programu yake. Hakutaka kulipwa yeye. Aliandika kwamba kila mtu anaweza kuitumia Vim na kuinakili kadiri apendavyo, ila akiona imemfaa, awasaidie watoto wa Kibaale. Akaanzisha huko Uholanzi shirika dogo, ICCF, la kupokea michango hiyo na kuipeleka, naye mwenyewe akarudi Uganda mara kadhaa kutazama kazi. Kwa miaka mingi aliyeifungua Vim pasipo kutaja faili mara nyingi aliona katika kioo, chini ya jina la programu, mstari mmoja wa kuomba msaada kwa ajili ya watoto maskini wa Uganda. Mafundi wa kompyuta wa Tokyo, Berlin na San Francisco, ambao wengi wao hawajapata kuikanyaga Afrika, walilisoma jina la Uganda mara nyingi kabla ya kuanza kazi.

Katika hili hesabu ya mali kauli imegeuzwa. Mwenye mali amewaachia wadaiwa wote deni lake, akawaonyesha mtu mwingine wa kulipwa. Na asiye na kitu hana la kuona haya: mwanafunzi wa Songea anaweza kuichukua Vim leo kwa njia ya intaneti, akaitumia maisha yake yote, na kauli ya mtungaji haimhukumu. Anayeombwa ni yule mwenye nacho.

Maktaba za disketi zimekwisha. Intaneti iliondoa haja ya kitabu cha orodha, karatasi ya maagizo na kifurushi, na kompyuta za sasa hazina hata tundu la kutilia disketi. Jim Knopf na Bob Wallace wamefariki, na Fred Fish alifariki mwaka 2007. Bram Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023, na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali wakaendelea na Vim. Kituo cha Kibaale nacho kilikua, kikawa na shule ya msingi, shule ya sekondari, mafunzo ya ufundi na zahanati. Upande wa Kanada wafadhili wake walijiunga katika shirika, wakalipa jina la Kiswahili: Kuwasha.